"Wewe wa Nani?": Kumuaga Bi Garifalia wa Chumba cha Picha

Ifikapo tarehe thelathini Juni, Bi Garifalia Tsolakidou, mkuu wa Kitengo cha Picha katika hospitali yetu, atafunga mlango wa chumba cha CT kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Nasema atafunga; sisi tunaomjua tunajua kwamba ataupigiza. Muda wote huo hajawahi kufunga mlango kwa upole, wala kusema jambo kwa sauti ya chini, wala kukubali kwamba mashine inaweza kumzidi mtu akili. Kwa hili la mwisho, mashine zenyewe zimemtolea ushahidi zaidi ya mara moja.

Wahariri wa jarida hili la wafanyakazi wameniomba mimi wa dirisha la mapokezi niandike wasifu wake, eti kwa sababu mimi ndiye niliyemsikia zaidi. Ni kweli. Kati ya dirisha langu na chumba chake kuna ukuta wa jasi tu, na sauti ya Bi Garifalia haikuwahi kuutambua ukuta huo.

Alifika kisiwani kwetu kutoka Serres, kaskazini kabisa, akiwa na sanduku moja na jina la ukoo lisiloishia na "-aki" ("-akis" kwa wanaume). Huku Krete mtu asiye na "-aki" ni kama kikombe kisicho na mkono: kitafaa, lakini hujui ukishike wapi. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Bi Kalio, mke wa Sifis Vrondakis wa kijiji cha Plevriana, aliyeshuka kupigwa picha ya kifua. Bi Kalio alimtazama kutoka utosini hadi unyayoni. "Na wewe, binti, wa nani?" Garifalia akajibu kwamba ametoka Serres. "Sikukuuliza unatoka wapi. Nimekuuliza wa nani. Baba yako nani, mama yako nani, nani anakujua hapa?"

Hakukuwa na aliyemjua. Basi Bi Kalio akasema yeye havui nguo mbele ya mtu asiye na wenyewe, na kweli hakuvua. Picha ile ilionyesha mapafu kiasi, pini mbili, msalaba wa fedha na ufunguo mkubwa wa zizi. Daktari akasema mapafu yanaonekana mazima, na mbuzi nao hawana shaka, kwa kuwa ufunguo upo.

Garifalia alilia jioni ile; ametusimulia mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo wewe na mimi tusingelifanya: akalichukua lile swali lililomchoma, akaligeuza lake. Kuanzia kesho yake hakuna aliyepanda kitanda cha mashine bila kuulizwa, "Wewe wa nani?" Aliwauliza wachunga mbuzi na aliwauliza mawakili. Alimuuliza naibu waziri aliyekuja kukata utepe, na naibu waziri akajikuta anamtaja bibi yake. Alimuuliza Askofu. Askofu akatabasamu akasema, "Mimi ni wa Mungu, mwanangu." Bi Garifalia akasema sawa, na kabla ya hapo? "Kabla ya hapo," Askofu akakiri, "nilikuwa wa Pandelis kinyozi."

Msidhani ilikuwa umbeya. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na babu akiwa na wana wengi, hesabu mnaijua. Katika vijiji vya juu ukiita jina moja dirishani wanasimama watu watano na mmoja anaitikia kutoka chooni. Mtu hujulikana kwa baba yake na kwa jina la utani, basi. Swali la Bi Garifalia ndilo lililokuwa likitutenganishia wagonjwa.

Amefanya kazi na mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa bubu, na hatuna la kuisema ila heri. Ya pili ilikuwa na sauti ya mwanamke, nyororo kama asali, iliyomwambia mgonjwa: "Vuta pumzi. Zuia. Pumua." Siku moja kampuni ikaiwekea programu mpya, na ile mashine ikasahau neno la tatu. Watu wetu wanaitii mashine kuliko wanavyoitii serikali, kwa hiyo wakaambiwa wazuie, wakazuia. Fundi seremala mmoja alitolewa akiwa na rangi ya biringani. Mtawa wa monasteri ya juu alizuia hadi macho yakamtoka, na alipoulizwa akasema alidhani ndiyo toba yake. Bi Garifalia akawa anapiga kioo kwa ngumi: "Pumua, we mtu wa Mungu, pumua!" Ghorofa ya chini, kwenye kitengo cha macho, wagonjwa nao wakawa wanapumua kwa amri yake. Mwishowe kampuni ilitangaza kwamba programu ile ina kasoro na ikairudisha kiwandani kutoka kila hospitali. Sisi tulisema mashine imeitwa kwao. Iliporudi imepona, wazee waliikatalia. Hawakupumua mpaka wamsikie yeye.

Sasa nije kwenye ile habari ya akina Manousos, ambayo vijana wa maabara wanaisimulia vibaya, tena kwa kutia chumvi isiyohitajika.

Miaka minne iliyopita tuliletewa mashine ya tatu, nyeupe, ya bei mbaya, yenye kujiona. Ilikuja na mkufunzi wa kampuni, kijana mpole, mgeni wa kisiwa, aliyekuwa akiomba radhi hata kwa viti. Siku ya pili akamsikia Bi Garifalia akimuuliza mzee mmoja wa nani, akashtuka kama aliyeona mtu anaibiwa. Akamweleza mkurugenzi wetu, Bwana Halkiadakis, kwamba swali hilo linachokonoa siri za watu, kwamba limepitwa na wakati, na kwamba sasa mfumo wa kompyuta wenyewe ndio unaomtambua mgonjwa. Mkurugenzi ni mtu mwema, ila akiogopa kitu hukitii. Akapiga marufuku. Atakayeuliza tena "Wewe wa nani?" atahamishiwa stoo ya mashuka.

Bi Garifalia akanyamaza. Jamani, kimya kile! Mlango ukawa unafungwa taratibu kama wa kanisa. Wengine tulidhani anaumwa, tukamletea supu.

Katika kimya hichohicho wakashuka akina Manousos Vrondakis kutoka Plevriana. Nasema akina, kwa sababu ni wanne, watoto wa ndugu wanne, na kila mmoja amepewa jina la babu yao yuleyule. Zaidi ya hapo, wote wameandikwa kuwa walizaliwa siku moja. Enzi zile karani wa vizazi alikuwa akipanda mlima siku ya mtakatifu wa kijiji, akaandika watoto wote kwa mkupuo, akala mbuzi wake, akashuka. Mwaka ule alipowaandika hawa wanne, mkubwa wao alikuwa anakimbia na mdogo wao ananyonya. Kijijini hakuna anayewachanganya. Mwana wa Sifis na Bi Kalio anaitwa Konokono, kwa mwendo wake. Wa Stratis anaitwa Redio, kwa mdomo wake. Wa Andonis ni Baruti, na sababu mtaiona. Wa nne ni Kengele, na hapa hana kazi zaidi ya kuwapo.

Aliyekuwa mgonjwa hasa ni Konokono, aliyekuwa akiumwa ubavu na kukojoa damu. Lakini Plevriana gari likishuka mjini kila mtu hukumbuka anapoumwa. Redio akasema mgongo, Baruti akasema kifua, Kengele akasema na yeye pia. Daktari wa zamu, kwa ajili ya amani, akawapeleka wote mashineni. Bi Garifalia hakuwapo chumbani. Alikuwa ameketishwa kwenye semina ya yule mkufunzi, akifundishwa kuuamini mfumo.

Mfumo ukaona jina moja mara nne, na tarehe ileile ya kuzaliwa mara nne. Ukaona hawa watu wa mapokezi wana kigugumizi cha vidole, ngoja niwasaidie. Bila kumuuliza mtu, ukawaunganisha wote wanne wakawa mtu mmoja. Mtu huyo mmoja alikuwa na uvimbe mbaya kwenye figo ya kushoto. Na namba ya simu iliyobaki kwenye jina lake ilikuwa ya Redio.

Kwa hiyo Redio akaitwa aje atolewe figo. Wale wengine mfumo haukuwa na cha kuwaonyesha, na asiye na cha kuonyeshwa huambiwa yu mzima. Konokono alipoambiwa yu mzima akamshukuru Mungu, akakusanya mbuzi wake, akapanda nao hadi malisho ya juu kabisa ambako simu haishiki. Hebu lioneni jambo lilivyokaa: mtu mzima anangojewa na kisu, na mwenye maradhi anapanda mlima nayo ubavuni, akipiga mluzi.

Redio hakumwambia mtu habari zake, isipokuwa kijiji kizima. Akafanya karamu ya kujiaga. Mbuzi wake akamgawia shemeji, mizinga ya nyuki akampa Kengele, bunduki akampa Baruti, jambo ambalo kijiji kilililaani palepale. Kisha akashuka hospitalini na chupa ya raki, pombe yetu kali, ya kumshukuru daktari mapema, akisema baadaye huenda asipate nafasi.

Asubuhi ya upasuaji aliletwa kupigwa picha ya mwisho. Bi Garifalia akamwonyesha kitanda kwa kidole, midomo ameibana. Nilikuwa upande wangu wa ukuta, na haya niliyasikia kwa masikio yangu. Redio alilala, akatulia kidogo, akaketi tena.

"Mbona huniulizi?"

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani? Ebo! Mke wangu kanililia, Padri kaniombea, leo naingia kisuni, halafu na swali langu mmeninyima? Kila nikija hapa unaniuliza. Leo ndiyo nimekuwa wa jalalani?"

 Nilijua Bi Garifalia anaiwazia ile stoo ya mashuka, maana alikuwa amebakiza miaka michache tu na hapo ndipo angeimalizia. Kisha nikasikia sauti tuliyoikosa wiki nzima. "Haya! Wewe wa nani?"

"Wa Stratis!" Redio akanguruma kwa raha. "Redio wa Stratis wa Plevriana!"

Bi Garifalia akaitazama kompyuta. Picha ya figo yenye uvimbe ilikuwa wazi mbele yake, na chini zaidi, kwenye nyama ya kalio, palikuwa na vidoadoa vyeupe vimetawanyika kama mtama. Hayo yalikuwa marisau, chembe za risasi za bunduki. Hakuna mtu wilayani asiyeijua ile harusi ya Plevriana ambapo Baruti alimshangilia bibi harusi kwa bunduki, watu wote wakalala chini isipokuwa binamu mmoja aliyekuwa bado anajiandaa kulala. Binamu huyo hakuwa wa Stratis.

"Redio, teremsha suruali."

"Mama wee! Na hilo nalo lipo?"

"Geuka, nimesema!"

Hakukuwa na kovu hata moja. Mlango ukapigizwa hadi kalenda yangu ikaanguka, na nakiri kwamba niliufurahia ule mshindo kabla sijajua sababu yake.

Daktari Theoharis, bingwa wetu wa upasuaji, alikuwa ameshanawa mikono. Kwa heshima yake niseme kwamba hakubisha hata kidogo. Alitazama picha, akaenda akatazama makalio, akarudi akakaa kwenye kiti uso umemparama. Kisha akauliza lile ambalo sote tulikuwa tunaliogopa: "Sasa mwenye hii figo yuko wapi?"

Walipanda wawili, Daktari akiendesha gari la wagonjwa, Bi Garifalia pembeni na viatu vyake vya wodini, na barabara ilipoisha wakaendelea kwa miguu. Daktari ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Walimkuta Konokono amekaa chini ya mwamba anakula jibini. Akawakaribisha, akawasikiliza, akakataa. Akasema yeye mzima, kompyuta imesema.

"Kompyuta haijui wewe wa nani!" Bi Garifalia akamwambia.

"Na wewe unajua?"

"Wa Sifis na Kalio, mwenye marisau kalioni! Mama yako alinikatalia kuvua nguo mwaka niliofika. Simama!"

Konokono akasema basi amalize kwanza jibini. Hapo, asema Daktari, Bi Garifalia alikaa chini kwenye mawe akaanza kulia, yeye ambaye hatujawahi kumwona akilia. Akamshika mkono. "Manousos, mwanangu, kitu kilichomo humo kitakuua. Umekaa nacho kwa sababu mimi sikuwapo kukuuliza. Nakuomba. Sitaki ufe." Konokono akamtazama, akalifunga jibini kwenye kitambaa, akainuka. Watu wa Plevriana husema ndiyo siku pekee aliyotembea haraka, na hata hivyo walifika garini jua limezama.

Figo ilitolewa, na uvimbe wote ukatoka nayo. Konokono yupo, anakula, anatembea kwa mwendo wake. Redio alirudi kijijini na figo zote mbili akaomba arudishiwe mbuzi. Shemeji akamjibu kwamba mkono ulioaga hauombi, na kesi hiyo bado ingali kwa mwenyekiti wa kijiji.

Bi Garifalia hakuishia hapo. Aliipigia simu kampuni kila siku hadi walipoanza kumtambua kwa mlio. Wakamtuma mhandisi mkubwa, mtu wa makao makuu, aliyetueleza kwa utulivu kwamba watu wanne wenye jina moja na siku moja ya kuzaliwa katika kijiji kimoja ni jambo lisilowezekana. Bi Garifalia akamwambia angojee, akafungua mlango wa ukumbi, akaita: "Manousos Vrondakis!" Wakaitika wanne kwa pamoja, na Redio akaitika mara mbili. Mhandisi aliomba maji. Baruti akampa raki.

Baada ya hapo programu ile ilirudishwa kiwandani kutoka kila nchi ilikouzwa, ikashonwa upya. Leo haiunganishi mtu na mtu mpaka aliyekaa mbele yake athibitishe, na haifungui picha hata moja kabla ya kupewa jina la baba wa mgonjwa. Mfasiri wa kampuni alimpigia Bi Garifalia kumuuliza maneno ya kisanduku hicho yaandikweje kwa lugha yetu. Mkiingia chumba cha CT mtayaona kwa herufi nyekundu: WEWE WA NANI? Bwana Halkiadakis aliliondoa tangazo lake ukutani mwenyewe, na siku hizi huwaonyesha wageni kile kisanduku kama kwamba alikizaa yeye.

Ningeweza kukomea hapo, lakini Jumapili iliyopita kulikuwa na ubatizo Plevriana, na wasifu huu bila ubatizo huo haujakamilika. Konokono amepata mjukuu wa kiume, akamwomba Bi Garifalia awe mama wa ubatizo. Kwetu mama wa ubatizo ndiye anayelitamka jina mbele ya birika, na likishatamkwa halirudi. Kitengo kizima tulipanda. Evanthia wetu wa kompyuta, ambaye kazi yake ni kuulea ule mfumo, alimsihi njia nzima: "Bi Garifalia, nakupigia magoti, mwite Filipos. Mwite Viktor. Plevriana hakuna Viktor hata mmoja!" Bi Garifalia akasema ataona.

Padri akauliza jina. Kanisa zima likazuia pumzi, wala hapakuwa na mashine.

"Manousos!" akasema, na kwa sauti yake nadhani hata bandarini walilisikia. Nje bunduki zikalia, na sisi wenye kumbukumbu tukainama. Evanthia akajishika kichwa. Bi Garifalia akamgeukia, mtoto mkononi, mafuta ya ubatizo yamemfika viwikoni. "Usiogope, binti. Siku hizi inajua kuuliza."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Bi Kalio, ambaye sasa ana miaka tisini na moja na masikio yamemtupa mkono. Bibi mmoja mgeni, wa kijiji cha ng'ambo, akamwinamia akamuuliza yule mwanamke aliyembeba mtoto ni wa nani. Bi Kalio, kwa kuwa hajisikii mwenyewe, akajibu kwa sauti iliyolijaza kanisa.

"Yule? Wa kwetu!"

Bi Garifalia alikuwa anamfuta mtoto. Akasimama na taulo mkononi, akatazama kule tulikokaa, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Miaka yote ya ukuta wa jasi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona amekosa la kusema.

Bi Garifalia, wenzako wote, kuanzia ghorofa ya macho hadi stoo ya mashuka, tunakushukuru kwa moyo. Mungu akupe siku nyingi, magoti yasiyouma, na kahawa ya uani bila haraka. Siku ya mwisho mlango upigize, tafadhali, tusije tukaleta supu. Na umetuamrisha vya kutosha, mama yetu. Sasa pumua wewe.